Karatasi ya Sitini

Mama yangu ndiye aliyekichana kile kitabu.
Niliseme mwenyewe, lisije likasemwa na jirani.
Alikinunua kwa kilo, pamoja na madaftari ya shamba la mkonge,
na mimi, mtoto wa miaka saba, nikakunja koni za karanga
barazani, Barabara ya Nane.

Mzee Semkiwa alishuka kwenye baiskeli yake ya Swala,
akanunua koni moja, karanga akazimimina mfukoni,
karatasi akaikunjua kama barua ya msiba.
Hati za Kiarabu, lugha yetu: dawa ya chango,
dawa ya mtoto asiyelala, maneno ya kumfunga nyoka mdomo.
Akanunua sinia zima. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa.
Mama akadhani anaposa. Akaanza kupaka wanja.

"Bi Mwanamkuu," akasema siku ya tano, jasho likimtoka,
"karanga zimenifika hapa. Mimi nauza vitabu. Naomba karatasi."
Mama alicheka mpaka sinia likatikisika.
Hakuolewa naye. Alimkopesha mwanawe:
kila jioni nikafute vumbi dukani, nyuma ya stesheni,
nilipwe magazeti makuukuu ya kufungia.

Duka! Mlango mmoja, ubavuni kwa muuza chumvi,
jirani mbaya kwa karatasi: chumvi hunywa maji usiku.
Pale nilijua kitabu huoza kama jino, kuanzia ufizini,
na gundi ya muhogo ikizidi huita mende.
Nilijifunza kunusa. Cha Lushoto kina baridi ndani.
Mwalimu wa Usagara alilipa kwa mafenesi.
Mgeni mmoja alitaka ramani tu, akachomoa kiwembe;
Mzee akamdaka mkono: "Hapa hatuchinji."

Miaka thelathini na mmoja. Hakujenga.
Muuza mchele alimfungulia daftari la madeni la peke yake,
nalo Mzee alilitamani, jalada lilikuwa la ngozi.

Kile cha dawa tulikishona. Karatasi hamsini na tisa,
madoa ya mafuta duara duara.
Alipewa bei ya nyumba. "Hakijatimia," akasema, akakirudisha kabatini.

Mwaka jana, kitandani Bombo, hakuniuliza habari za duka.
"Ile ya sitini. Kabla sijafika siku ile, nani alinunua?"
Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka. Kijana wa kaptura ya kaki,
alikula huku anatembea kuelekea relini,
akaifinyanga koni, akaitupa.
Niliiona inaanguka. Nikaendelea kukunja.