Mlango Uko Upande Gani

Nyumba yenyewe si kubwa: hatua saba kwa tano,
jiko la kuni, kitanda, meza, basi.
Nilidhani kitu kidogo huamuliwa kwa muda mdogo.
Tulianza kubishana Septemba, matete yangali mabichi ghubani,
Krismasi ikatukuta tunabishana.

Heldur, kaka yangu, alitaka paa la mgongo,
mteremko mkali kama viganja vya mtu anayesali,
"theluji isipate pa kuketi."
Mimi nilitaka paa la upande mmoja,
kenchi chache, bati jepesi, misumari ya kuhesabika,
maana fedha zangu nazo zilikuwa za kuhesabika.
Na jirani Virve, ambaye hakuulizwa,
alisema matete tu, matete ya ghubani,
yaliyokatwa juu ya barafu mwezi wa pili;
yakikazwa vizuri, humzika aliyeyapanga.

Tukamwita fundi Ülo aje aamue.
Ülo hakutazama juu hata mara moja.
Alichomeka chuma chake ardhini, kikaingia, kikakwama,
akasema: "Mnagombea kofia,
na mtu mwenyewe hana miguu."

Ndipo nilipojifunza kwamba kiwanja hiki cha Muhu hupumua.
Wakati wa baridi maji yaliyomo udongoni huganda, huvimba,
huinua chochote kilichowekwa juujuu:
ngazi, uzio, jiwe la kaburi la mwaka jana.
Aprili huteremsha kila kitu,
lakini hakuna kinachorudi palepale.
Mlango huanza kuikataa fremu yake.
Kioo hupasuka usiku, wala hakuna aliyerusha jiwe.

"Mita moja na robo," alisema Ülo,
"huko chini baridi haifiki.
Au nguzo kumi na mbili za zege, upepo upite chini,
nawe uzoee nyayo za barafu.
Au sahani nzima ya zege juu ya godoro la povu gumu,
ila hiyo mfuko wako hauijui."
Alisema kama muuza viatu,
macho yako miguuni pangu.

Nikachimba. Heldur alichimba Jumamosi, akilalamikia mgongo
wake, si wa paa.
Siku ya nne sepeto likagonga jiwe,
na jiwe likawa na jirani, na jirani akawa na kona:
mawe ya chokaa yaliyopangwa bila saruji,
zizi la bibi yetu Leontine,
ambaye tuliambiwa hakuacha kitu
ila deni la chumvi dukani.

Ülo akapiga magoti, akaweka pimamaji.
Kiputo kikatetemeka, kikatulia katikati.
Miaka themanini ya kuganda na kuyeyuka.
Hakusema neno. Alivua glavu.

Basi nyumba yangu ikafuata ng'ombe:
hatua sita kwa nne.
Kitanda kikasogea. Meza ikapoteza miguu miwili,
ikafungwa ukutani kwa bawaba.
Paa tukalipigia kura, na kura yangu ikahesabiwa mara mbili
kwa sababu bati nilikwisha kulinunua.

Usiku wa tarehe tisa Februari nilisikia nyumba ikikohoa.
Paa langu lilifanya kazi yake barabara:
theluji ya wiki mbili iliporomoka kwa mkupuo mmoja
upande mmoja, kama nilivyotaka,
mbele ya mlango, ambao hufungukia nje.

Miezi mitatu tulipima pembe, kina, bei.
Mlango uko upande gani, hakuna aliyeuliza.

Nilitokea dirishani na koleo la majivu,
koti juu ya nguo ya kulalia, kiatu kimoja cha Heldur.
Virve alikuwa amesimama barabarani na mbwa wake.
Namshukuru, hakutamka neno matete.
Alitazama juu, kisha mlangoni, kisha juu tena,
akamfunga mbwa kwenye uzio,
akaenda kuleta chepe.