Jino la Mlima

Pikipiki imeniacha pale njia inapogoma kupanda,
juu ya Ilembo, mwezi wa saba.
Ukungu umelala kwenye pareto kama mgeni asiyeaga.
Nina masweta mawili, kitenge kimoja,
na ndani ya kitenge, jiwe.

Kibandani nalipa elfu tano.
Dada wa stakabadhi anauliza nimebeba nini.
Viazi, nasema.

Anayetuongoza ni Mwashiuya, buti nyekundu za mvua,
tochi kaifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli.
Anasimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimulia asubuhi hiyo hiyo:
mbuzi aliingia hapa Ilindi mwaka wa njaa,
akatokea Songwe siku ya tatu, ndevu zimeganda chumvi.
Wageni wawili wa Makambako wanacheka.
Mimi sicheki. Kwetu alikuwa mbwa.
Shangazi Sekela alikataa mbuzi, akakataa mbwa;
yeye alisema ni binti aliyetumwa maji,
akarudi na mtungi nusu, akakuta wadogo zake wana mvi.

Ndani, baridi inabadilika.
Ya nje inauma. Hii inakupokea mzigo.
Dari limeota meno,
kila jino na tone lake,
kila tone linafikiri kwanza ndipo lianguke.
"Msiguse," anasema Mwashiuya.
"Urefu wa ukucha ni maisha ya babu na mjukuu.
Msiguse hata kwa kupenda."

Baba aligusa.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, nyundo ya kuazima,
na msichana wa kumwonyesha kwamba haogopi giza.
Msichana hakumpata. Jiwe alibaki nalo.
Miaka arobaini lilizuia mlango wa jikoni
usibamizwe na upepo;
tulilipondea karanga,
mama alilitukana kila lilipomkwaza kidole.
Kisha baba akaanza kung'oka meno,
moja, jingine, bila hata kuuma,
kama punje zinavyoachia gunzi kavu.
Jioni moja alilitazama jiwe mpaka chai ikapoa.
"Kilichong'olewa kina mwenyewe," akasema,
akaomba chai nyingine.
Masika yaliyofuata tulimzika, udongo ukitushika miguu.

Utotoni tulirusha meno juu ya bati
tukidai mapya.
Leo nimebeba la zamani,
nalileta chini ya paa lisilo na bati.

Naachwa nyuma kwa makusudi.
Kushoto, alisema, ukishapita mwamba
uliokaa kama kuku anayeatamia.
Kuku yupo. Pengo lipo.
Nafungua kitenge, nainua jiwe kwa mikono miwili,
nalikutanisha na kisiki chake.
Haviwiani.
Nageuza. Naomba radhi kwa lugha ya nyumbani, nageuza tena.
Haviwiani.

Mwanga unanipiga kisogoni.
Nasubiri ukali. Hauji.
Mwashiuya anasogea, ananyoosha kidole kisichogusa:
pale penye pengo pameota kitu cheupe,
kidogo kuliko punje ya ulezi,
nacho kimekwisha kubeba tone.
"Halikukungoja," anasema.
Halafu, akikuna shingo: "Ni wewe wa ngapi, sijui.
Mwaka jana mmoja alituma lake kwa basi, ndani ya boksi la sabuni."

Nalilaza jiwe chini, usawa wa punje ile.
Tone linafikiri.
Linaanguka juu ya jiwe, mlio mdogo,
kama mtu anayegonga mlango anaojua uko wazi.
Ningependa kusubiri la pili,
lakini wale wa Makambako wanaita,
wana nafasi moja kwenye gari, na mawingu yanashuka.

Kibandani, dada anaangalia kitenge changu,
sasa kimelegea begani.
"Viazi umeuza?"
"Nimerudisha mbegu," namwambia,
naye anacheka, akidhani natania.