Unga Kwenye Nyusi

Muhonja hunikagua mlangoni kama askari wa geti.
Hunishika kidevu, hunigeuza kushoto, kulia:
"Baba, nyusi. Na hapa, nyuma ya sikio."
Nami nimeshaoga kiwandani, nimebadili shati,
viatu nimeviacha nje,
lakini ngano ina njia zake.
Miaka kumi na mmoja nabeba magunia ghalani, Nakuru,
mkate wa mji mzima umepita begani mwangu,
na mwanangu ndiye asiyeweza kuula.

Daktari alitaja jina refu;
mama yake akaliandika nyuma ya risiti.
Sisi nyumbani twasema tu:
tumbo lake na ngano hawasalimiani.

Krismasi bila chapati? Waulize watu wa Kaptembwo.
Saa nne asubuhi kila jiko linanukia mafuta,
watoto wanazunguka ploti wakihesabu harufu.
Mwaka jana dada yangu Kageha
alikuja kutoka Mbale na kuku wawili na huruma nyingi,
akammegea kipande nyuma ya mlango.
"Kidogo tu, asijione mkiwa."
Siku tatu tulikesha na beseni.
Kageha hakulia. Alifua mashuka yote,
hata yaliyokuwa safi.

Mwaka huu kampuni imetupa zawadi ya sikukuu:
pakiti sita za unga wa ngano, na kalenda.
Nilimshukuru meneja kwa mikono miwili,
nikaenda moja kwa moja sokoni kwa Kwamboka.
"Nipe muhogo mkavu. Nipe wimbi. Chukua hizi."
Alipima gorogoro mbili na nusu, akacheka:
"Mtu wa ngano anakimbia ngano!"
Akaomba na kalenda. Nikampa.

Tarehe ishirini na nne, alfajiri, mashine ya posho.
Jana usiku imesaga ngano ya mtu.
Nikalipa yapite kwanza mahindi yangu kilo tatu,
yaioshe koo,
unga wake wakapewa kuku wa jirani.
Foleni ikaguna. Mmoja akauliza
kama nimetumwa na mganga.
Sikujibu. Nilikumbatia debe langu.

Jelagat amenunua kikaango kipya,
amekifunga utepe mwekundu mkononi: cha Muhonja.
Atakayekigusa na ngano atalala nje.
Tulikanda kwa maji yanayochemka.
Muhogo hauvutiki, hauna mapenzi na kidole.
Chapati ya kwanza ilipasuka ikawa nchi tatu.
Ya pili tuliikwangua.
Ya tatu tuliila wenyewe, wakubwa wawili tumesimama,
tukikubaliana kwa macho kwamba ni mbaya.

Ndipo Kageha, aliyekuwa ananawa mikono mara ya nne:
"Pondeni ndizi mbivu humo.
Na msiikandamize kama inawadai."
Akapasua pakiti ya maziwa, akaiosha,
akaweka donge katikati,
akalibonyeza kwa kiganja, polepole,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Ikageuka nzima.
Pembeni imeungua kidogo; wimbi halifichi rangi yake.

Jirani alituletea sahani ya chapati nyeupe, kama desturi.
Tuliipokea, tukaifunika, tukaipandisha juu ya kabati,
ikakaa huko kama mgeni asiyejulikana ukoo.
Muhonja alichovya kwenye mchuzi wa kuku.
Tukaacha kutafuna.
"Inavunjika," akasema.
Inavunjika, eh.
"Nipe nyingine."

Usiku, wageni wameondoka,
nilimkuta Kageha jikoni na nyundo.
Anatafuta mahali pa msumari,
pa kutundika kikaango cha utepe mwekundu
mbali na vingine.
"Hapa?"
Juu kidogo, nikasema.