Vidole Vitatu

Vuai, hiyo ndefu irudishe dukani.
Naijua ilivyo bila ya kuiona:
kitako kinang'aa kama kabati la bibi harusi,
darubini juu, mkanda wa kujivunia.
Banda langu la kuku lina mlango wa kuinama.
Nikiingia nayo mtutu utagonga mwimo,
na kunguru wa Mahonda hawamngoji mtu aombe radhi.

Nataka fupi. Ya springi,
isiyodai mtungi wala pampu.
Unaikunja shingoni mara moja,
inabana pumzi,
inakungoja.

Ya baba yako mkubwa ilikuwa hivyo, baada ya msumeno.
Mwaka ule kunguru walibeba vifaranga tisa,
mchana kweupe, mama akiwepo palepale anapepeta mchele.
Baba akaniita. Akaniwekea kitako kwenye kikunjo cha kiwiko,
akataka kidole changu kifike kwenye kifyatulio.
Hakikufika. Nilikuwa na miaka kumi na moja.
Mama akasema, "Utaiharibu bunduki nzima kwa ajili ya huyu?"
Baba akajibu kwa kunipima tena.
Akakata vidole vitatu.

Springi nayo ilikuwa kali mno:
ukifyatua, bunduki yote inakohoa,
inakupiga kofi la shavu, risasi inakwenda kwa jirani.
Akaitoa, akaipunguza pindo moja na nusu.
Barazani wakamcheka, fundi gani huyu anapunguza nguvu?
Akasema nguvu usiyoweza kuishika ni ya mwenzio.
Washa ya pistoni ilikuwa imekufa.
Akaichonga mpya kwa ngozi ya kubadhi lake la kushoto,
akairoweka usiku kucha kwenye mafuta ya cherehani.
Ijumaa ile alikwenda msikitini na ndara.

Sauti ikabadilika.
Zamani ilibweka; sasa ikasema tup,
kama mlango wa friji.

Risasi ya kwanza ilitoboa sufuria.
Ya pili hatujui ilikokwenda, wala hatukuuliza.
Sikuhesabu zilizofuata, mpaka ile
iliyomwangusha mmoja kando ya kisima.
Wenzake wakaja. Walijaa paa zima,
wakalia saa nzima, Vuai, kwa zamu, kama watu.
Sikula mchana ule.
Baba aliitundika bunduki, hakunipongeza,
akanimenyea chungwa.

Tangu hapo wakanijua.
Nikitoka na ufagio, hawageuzi hata shingo.
Nikitoka na ile, uwanja mweupe.
Watu husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Mimi nilimtazama machoni. Si uoga ule.
Anakumbuka.

Nilipofika miaka kumi na sita mikono ilikuwa imerefuka.
Baba akakitafuta kile kipande akigundishe tena.
Mama alikwishakitia chini ya mguu wa kabati,
ule uliooza kwa maji ya masika.
"Kitoe, kabati linianguke?"
Baba akasimama na gundi mkononi, ikamkaukia.
Kwa hiyo bunduki ikabaki fupi, mimi nikaendelea kukua,
na mpaka leo nalenga shabaha
nimevuta shingo ndani kama kobe.

Hiyo imekwisha sasa. Kutu imekula bomba,
pistoni haitoki hata kwa nyundo.
Lakini kabati liko kwangu, limesimama
juu ya vidole vitatu, halijayumba.

Basi chagua fupi, uikunje mwenyewe hapo dukani.
Ikikushinda wewe, itanishinda mimi.
Kitako asikiguse mtu; nikikipokea nitajipima.
Barua ya sheha ninayo.
Risasi za kichwa bapa, makopo mawili,
ingawa nadhani moja litakaa mpaka lishike vumbi.
Watakapoiona tu, watapashana habari.

Na ulete makubadhi, pea moja.
Namba yoyote.
Sivai.