Jicho la Siku

Bibi yangu anaitwa Dezi.
Jina alipewa na nesi wa misheni
mwaka ule sakitu ilipobabua viazi.
Nesi aliandika kwenye kadi, akapuliza wino, akaenda zake,
na hapa Ilembo hakuna aliyeuliza maana.
Watoto wenzake waliuliza kwa namna yao:
"Ndezi! Ndezi! Toka kwenye magugu!"
Akakua akijua
ana jina la mnyama anayetegwa kwa waya.

Juzi, ghalani, nikingoja mizani ya pareto,
nilifungua kamusi ya karani Mwalwizi,
kamusi isiyo na jalada, inayonuka maua makavu,
nikamkuta bibi humo.
Kumbe ni maneno mawili!
Watu wa kaskazini, kabla Kiingereza hakijaota meno,
walichukua siku, wakachukua jicho,
wakaviunga kama sisi tulivyounga mwana na nchi,
kisha wakavitamka kwa haraka, mjukuu baada ya babu,
hadi mshono ukamezwa na kitambaa.
Ni ua dogo. Petali nyeupe, kiini cha manjano.
Hufumba jua likizama,
hufumbua kukicha.

Nikatazama gunia letu.
Nyeupe. Manjano.
Kilo kumi na nne za macho makavu
yananitazama bila kupepesa.

Nilipanda kilima na jina lake mdomoni kama pipi.
Nikamkuta mstarini, ameinama,
anachuma kwa kupapasa,
vidole vinachana mashina kama nywele za mtoto msumbufu,
maana jicho la kushoto lina mtoto wa jicho
na la kulia linangoja daktari, mwezi Machi, Mbeya mjini,
pareto ikilipa nauli.

Nikamweleza yote, mpaka mshono.
Hakusimamisha mkono.
"Siku ina jicho?"
Ndiyo, bibi.
"Na jicho hilo, halioti mtoto?"

Kamusi haikufika huko.
Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni,
umeshafunika matuta, umefunika vichanja vya kukaushia,
ukalifikia jua, ukalikalia,
likabaki doa la maziwa.
Bibi akageuza uso kule nilikokuwa nikitazama.
Sijui aliona nini. Pengine ubaridi tu shavuni.
Akapiga chafya, vumbi la pareto, akacheka.

"Basi nalo lingoje Machi," akasema.
"Shika kikapu."