Zoezi la Vitendo, Jumatano Asubuhi

Asidi imekwisha stoo tangu Jumatatu.
Nimepita soko la Kiusa, nimenunua ndimu sita.
Kaeni. Aikande, funga dirisha hilo,
mvua ikishuka kutoka Uru haibishi hodi.

Mawe matatu mezani. Sikuyaandika majina,
jiwe halizaliwi na lebo shingoni.
Lishikeni kwanza. Lipimeni kwa kiganja
kabla hamjafungua madaftari.

Hili jeusi, zito, lenye vitundu kama mkate wa kumimina,
lilikuwa uji.
Liliiva chini huko kusiko na kuni,
likapanda, likamwagika, likakutana na baridi
likaganda palepale, halikupata muda wa kujipamba.
Vitundu hivyo ni pumzi zilizokosa mlango.
Ndugu yake aliyebaki chini akapoa taratibu, karne juu ya karne,
ana chembe kubwa zinazometa: itale.
Kwa hiyo msiniulize tu jiwe limetoka wapi.
Niulizeni lilipoa kwa haraka gani.
Andikeni: mwamba moto.

La pili. Likwaruzeni kwa msumari, kamulieni ndimu kwenye unga wake.
Nyamazeni.
Mnasikia? Kama soda inayokata roho.
Ni chokaa, nimeiokota njia ya Chemka.
Maji yaliibeba ikiwa haionekani,
yakaiweka tabaka juu ya tabaka,
na jani la mkuyu likanaswa humo. Tazameni mishipa yake.
Mwamba tabaka hauna hasira.
Ni daftari la maji.

La tatu lilikuwa kwenye ukuta wa zizi la wakwe zangu, Usangi;
nililipwa hilo moja kwa kubeba mengine kumi.
Mistari yake imejipinda kama nguo iliyokamuliwa.
Zamani lilikuwa kitu kingine, tope au lava, sina hakika.
Likafukiwa, likabanwa, likapikwa bila kuyeyuka,
likaamka na ulanga huu unaong'aa. Mwamba geu.
Kanaeli anauliza: na kama lingeyeyuka?
Lingerudi kundi la kwanza, Kanaeli.
Hapo umeshafaulu nusu ya mtihani.

Najua. Mnajiuliza haya yanawahusu nini ninyi wa udongo.
Kitabu kitawaambia "mwamba mama", mtapigia mstari, mtasahau.
Mimi nitasema nilichokiona.

Julai tulichimba kaburi la kaka yangu, Ndelilio,
kihambani kwetu, kati ya migomba na kahawa.
Wengine walilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilisoma ukuta.
Juu, weusi, laini, mizizi kama nywele,
samadi ya ng'ombe wa bibi aliyekufa kabla sijazaliwa.
Chini yake, wekundu wa kahawia, unaonata kidoleni.
Kisha, kama futi ya nne, mawe yaliyooza:
kwa macho ni mawe, ukiyagusa yanamong'onyoka kama keki iliyolala.
Kisha sururu ikalia. Ngii.
Shemeji akasema, inatosha, tusimsumbue zaidi.
Nikainama, nikatwaa kipande.
Ndicho hicho cha kwanza, mlichokipitisha mkono kwa mkono.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimefundisha somo hili,
na ni siku ile tu nilipoona kwamba migomba yetu inakula jiwe.
Chuma, magnesi, kalsiamu,
mvua inatafuna kwanza, mzizi unafuata,
nyungunyungu anamaliza sahani.
Ndizi ya mtori wa utotoni ilianzia humo gizani.
Udongo si mwamba, lakini ana sura ya mamaye,
na ukitaka kujua kwa nini mtoto ni mchoyo au mkarimu
usimchape. Nenda kamwone mama.

Haya. Chukueni nyundo.
La pili na la tatu vunjeni mtakavyo.
La kwanza mliache.
Na ndimu zitakazobaki wekeni juu ya kabati,
kuna kundi jingine saa nane.