Mistari Minane

Juni, Iowa. Mahindi yamefika gotini
nami nimepiga magoti katikati yake.
Nazamisha bomba la chuma, sentimita thelathini,
nalizungusha, nalivuta:
udongo mweusi kama masizi ya chungu.
Vishimo ishirini na vinne, ndoo moja.

Verlyn Haugen ananitazama kutoka kwenye trekta,
injini hajaizima.
Tangi lake limejaa. Baba yake alijaza hivyo hivyo,
na mwaka mbaya hakuujua, asema,
au aliujua, akauongezea chumvichumvi.

Namwambia: shamba halina mdomo,
halijui kusema limeshiba.
Lisichokihitaji hukitema majini.
Chini ya buti zetu yamelala mabomba
aliyoyafukia babu yako kwa koleo,
na mvua ya Mei imekwisha kuyapigia hodi.
Haba na haba, naam,
ila kibaba hiki kinavuja,
na aliye bondeni ndiye anayekinga.

Kimya. Injini.

Wiki iliyopita nilimwona mkazamwana wake dukani,
Janelle, akipakia madumu ya maji garini.
Kisima chao kina maji baridi, matamu,
na juu ya bomba la jikoni
karatasi ya maabara: *si ya mtoto*.
Mimi sikulitaja.
Yeye ndiye aliyelitaja, akiangalia mikono yake.

"Mistari minane," akasema.
"Ikifa njaa, utanilipa wewe."

Tukachomeka vijiti vya utepe wa chungwa,
kwingine kote akanyunyiza kama baba yake.

Julai majani ya chini yaliingia unjano.
Nilipita usiku na tochi, kama mwizi,
nikiyahesabu, nikiyaomba radhi.

Oktoba, mashine ya kuvunia ikasema kweli:
ile minane imepungukiwa debe mbili kwa ekari.
Verlyn akaandika kwa kidole
juu ya vumbi la kioo,
bei ya mahindi, bei ya mbolea,
akatoa, akatoa tena,
akafuta kwa kiwiko kabla sijasoma.

Siku tatu baadaye simu ikalia, saa kumi na mbili asubuhi.
"Ile rai, nafaka yako ya baridi,
ya kufunika ardhi. Mbegu yake anauza nani?"
Sikumuuliza ekari ngapi.
Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa akijaza birika
kutoka kwenye dumu,
gudu, gudu, gudu.